Malalamiko Kuhusu Daftari Langu la Maumivu

Kanyenye, Tabora
20 Februari 1975

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Shamba la Mtaa

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekalia mito miwili. Mimi ni Lukumani, fundi cherehani, mmoja wa watu thelathini na mmoja tuliokuwa kwenye lori lililopinduka Jumamosi ya tarehe 25 Januari, tukienda kupalilia shamba letu la ujamaa kule Kwihara. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Pale zahanati Sista Veneranda alinishauri niwe naandika kila siku panaponiuma, maana mgonjwa husahau. Mimi si mtu wa kupuuza ushauri. Nilinunua daftari dukani kwa Velji na katika wiki mbili nikajaza kurasa arobaini. Waliokuja kunipa pole niliwasomea tangu ukurasa wa kwanza, asije mtu akaondoka na habari nusu. Baadhi yao hawajarudi tena, nadhani kwa huzuni.

Sasa nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Kamati yako ilisema kuwa na daftari la maumivu peke yangu, hali tulianguka wengi, ni ubinafsi. Daftari likachukuliwa likawekwa mezani ofisini, pamoja na penseli iliyofungwa uzi, ili kila mwananchi aandike yake. Nilinunua jingine.

2. Watu wakaandika kweli. Pelagia muuza maandazi ameandika jino, ambalo mtaa mzima tunajua lilianza mwezi wa Ramadhani. Mzee Lugembe ameandika bega lililoteguka alipobebeshwa mzigo wa Mjerumani mpaka pwani, zamani za vita. Mzee huyu hakupanda lori letu. Nilipouliza, niliambiwa bega lake limekubaliwa kwa kuwa njia ya misafara ni ileile iliyopita Kwihara. Namheshimu Mzee Lugembe, shikamoo yake iko palepale, lakini kwa hesabu hiyo hata punda wa Waarabu wangestahili ukurasa.

3. Kisha Kamati ikajumlisha maumivu yote na kuyagawa sawasawa. Mimi niliyeingia na goti, kiuno, mbavu mbili na kizunguzungu cha asubuhi, nimetoka na ubavu mmoja. Goti langu amepewa Ndugu Abbasi, karani wako, ambaye siku ya ajali alikuwa Bukene harusini. Juzi nimemwona akichechemea nalo kwenda mkutanoni, tena anachechemea vibaya. Kama mtu hajui kutumia kitu, kwa nini apewe?

4. Hili la nne ndilo limeniuma kuliko lori lenyewe. Katika ukurasa wa tisa niliandika kwamba mguu wangu wa kulia hauwezi kukanyaga chochote, hata sisimizi. Niliandika hivyo kwa ajili ya shamba. Kamati imesoma na kuamua kwamba fundi asiye na mguu hana haja ya cherehani, na kwamba Jumatatu ijayo yangu itapelekwa Kwihara kwa wenye miguu. Ndugu Mwenyekiti, cherehani ile aliniachia marehemu baba. Sijui kazi nyingine duniani. Mkiichukua, nitaogopa hata kuamka.

Naomba nieleze, maana naona hamkunielewa. Kuna maumivu ya jembe na kuna maumivu ya cherehani. Jembe linataka mguu usimame. Cherehani inataka mguu ukae. Mguu wangu umeumia upande wa kusimama. Ushahidi ni kwamba tangu ajali cherehani haijalala hata siku moja. Sare kumi na mbili za vijana wa mtaa zimeshonwa nyumbani kwangu na kupigwa pasi. Hata zamu yetu ya shamba haijakosekana Jumamosi hata moja.

Kwa hiyo naomba cherehani iachwe ilipo, goti nirudishiwe, na nipewe cheti chenye mhuri kwamba goti hilo ni bovu kila Jumamosi na zima siku nyingine.

Wasalimie wajumbe wote, mama watoto, wazee wa barazani, na Ndugu Abbasi, mwambie akanyage polepole.

Ni mimi, majeruhi mwenzenu,
Lukumani, fundi

N.B. Nilipomaliza kuandika nilimwita mke wangu Batuli atie sahihi kuwa ni shahidi. Amekataa. Amesema anayekanyaga cherehani tangu ajali ni yeye, na ni kweli. Zamu za Jumamosi pia alikwenda yeye. Nikamwambia basi atie sahihi kwa hayo, na hapo nikaona ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauinuki. Naye alikuwa kwenye lori lile, amekaa ubavuni pangu, na katika madaftari yangu mawili hayumo. Nimemuuliza kwa nini siku zote hizi hakusema. Amenijibu, “Ningesema saa ngapi, Baba Maua? Ulikuwa unasoma.”

Nimeona haya, Ndugu Mwenyekiti. Keshokutwa nitakuja kulima mwenyewe. Sasa hivi tunakwenda zahanati, tunatembea kwa miguu, na barua hii naiacha ofisini kwenu njiani.