Mwangwi wa Ibada ya Pili

Jumatano, 2 Julai
Usharika umenunua miksa mpya, mtambo wa kuchanganyia sauti. Ya kidijiti! Miaka tisa nimeendesha ile ya zamani, najua kila kitufe chake, hata kile kinachopiga shoti. Leo naambiwa iko stoo. Hii mpya ina kioo kama simu, na efekti zote zimo humo humo: mwangwi, ukumbi mkubwa, sauti nzito, sauti ya katuni. Sauti ya katuni kanisani! Nimeduwaa.

Pigo la pili. Mzee Lemomo, mwenyekiti wa kamati ya vyombo, amesema ufunguo wa kabati la mitambo utakuwa mmoja tu. Atakayefanya vizuri Jumapili ya mavuno ndiye atakayeushika. Mimi ibada ya kwanza, Magreth ya pili. Magreth! Ana miaka ishirini na mbili. Hata kukunja kebo nilimfundisha mimi.

Alhamisi, 3 Julai
Magreth kanipa shikamoo Baba Nalepo, kwa heshima zote, kisha akafungua kitabu cha maelekezo. Anakisoma! Nikamwambia fundi wa kweli anatumia masikio. Akasema ni kweli, akaendelea kusoma.

Alipokwenda kunywa chai nikafungua seti yake, yaani mipangilio yake ya sauti, aliyoihifadhi kwa jina IBADA YA PILI. Nikaweka mwangwi kwenye maiki ya mimbari. Tena nikagundua mahali pa kuufanya mwangwi uchukue sauti mapema, hivyo hata ukishusha sauti ya maiki mpaka chini, wenyewe unabaki. Nikauweka na kwenye maiki ya fundi, ile ya kuwaelekeza wanakwaya, nikajaribu. Nilisema alo moja, zikarudi sita. Ajabu! Nikahifadhi, nikaenda kunywa chai. Magreth alikuwa ameniwekea andazi. Nikalila.

Jumamosi, 5 Julai
Baridi kali. Mke wangu Soila kauliza kwa nini namenya ndizi huku nacheka peke yangu. Nimemwambia ni furaha ya mavuno.

Jumapili, 6 Julai
Ibada ya kwanza ilikwenda safi. Ndipo Mzee Lemomo akanishika bega. Eti mgeni wa ibada ya pili ni mchungaji kutoka Nkoaranga, mtu mzito, kwa hiyo kamati imeona mtambo ushikwe na mtu mzima. Yaani mimi. Magreth apumzike. Nani anamkatalia Mzee Lemomo? Nikasema asante.

Magreth, kwa wema wake, alikuwa ameshanifungulia seti ya ibada ya pili. Nikapekua kurasa zote za kile kioo natafuta mtego wangu. Sikuuona! Nikataka kurudi kwenye seti yangu ya asubuhi. Sikuwa nimeihifadhi! Mimi na masikio yangu!

Mgeni akapanda mimbarini. Bwana asifiwe! Watu wakajibu Amina. Spika ikasema asifiwe. Watu, kwa vile wamelelewa vizuri, wakajibu Amina. Asifiwe. Amina! Mara sita! Mgeni alifurahi mpaka ya tatu.

Akaanza kusoma sadaka za mavuno. Mzee Kaanaeli, mkungu mmoja. Mmoja, mmoja, mmoja, mmoja. Mzee Kaanaeli ana ekari tano za migomba. Alijikunyata kwenye benchi, na mkewe akasogea mbali naye.

Nikaishusha sauti ya maiki mpaka chini. Sauti ya mgeni ikapotea, mwangwi ukabaki peke yake, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mtoto akaangua kilio. Nikainama juu ya meza, nikanong'ona: Mungu wangu, mtego huu nilimtegea Magreth.

Nilikuwa nimeinamia maiki ya fundi.

Nilimtegea Magreth, ikasema spika. Magreth, Magreth, Magreth. Kanisa zima likageuka. Sijawahi kuona macho mengi namna ile. Magreth akaja, wala hakukimbia, akabonyeza kitufe kimoja. Kimya. Kitufe kimoja! Anasema kimeelezwa ukurasa wa nne.

Jumatatu, 7 Julai
Ufunguo kapewa Magreth. Nimelia kidogo, bafuni.

Mzee Lemomo hakunigombeza, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Amesema Jumapili ijayo nisimame mbele nimwombe radhi Magreth na usharika wote. Sentensi tatu, kwa maiki. Nimekubali. Nimetubu kabisa, kwa moyo wote. Magreth kaniambia nisiogope, atanitengenezea sauti nzuri. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Jioni nikafanya mazoezi mbele ya Soila. Sauti kavu! Msamaha mkavu hivi nani ataupokea? Nimekumbuka kwamba miksa ile inaendeshwa hata kwa simu, na simu yangu bado imeunganishwa nayo tangu wiki iliyopita. Magreth hajui. Nitajiwekea mwangwi kidogo tu, pale kwenye samahani.