Vita vya Giaboksi ya Subira

Sogeeni, enyi mlioketi mbali, na anayesonga ugali na aepue sufuria, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nawasimulia vita vya Awadhi bin Sufiani, simba wa Mkata, mshika usukani asiyetetereka, alipopambana na adui asiyeonekana, aliyejificha chini ya gari lake na kugonga tak, tak, tak, toka Handeni hata Korogwe.

Gari lenyewe liliitwa Subira, jina lililoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa nyuma. Lilikuwa pikapu ya kale, mbeba machungwa, mshinda makorongo, iliyokula vumbi kabla hajazaliwa Yusra, binti wa Awadhi. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja, Subira ndiyo iliyopaswa kumpeleka Yusra kwa mumewe huko Mpale. Wakwe wa Mpale walikwisha kusikia kwamba Subira inagonga, na shangazi mmoja wa huko alikuwa ametamka mbele ya watu kuwa bibi harusi atafika akisukuma.

Hajira, mke wa Awadhi, jemadari wa kauli, alisimama uani akatoa amri. "Baba Yusra, mwanangu hatashuka kwenye bodaboda na godoro kichwani. Nenda Korogwe. Rudi na gari lililonyamaza, au kaa huko huko."

Basi Awadhi akaondoka, na pembeni yake akaketi Saning'o, mfugaji wa nyanda kavu, sahibu yake wa siku nyingi, ambaye juma lililotangulia alikuwa amepeleka dume lake mnadani kwa gari hilo hilo. Njia nzima Saning'o alisikiliza mlio, ameinamisha kichwa kama asikilizaye tumbo la ng'ombe.

"Ana gesi," akasema hatimaye.

"Gari halina tumbo, Saning'o."

"Ndiyo maana gesi imekosa pa kutokea."

Huko Korogwe alitawala fundi Muhidini, sultani wa spana, ambaye gereji yake ilijulikana kwa jambo moja: giaboksi ikishafunguliwa pale, vipande vyake hutiwa kwenye beseni la mafuta ya taa, na kuku hutaga, huangua na kupata wajukuu kando ya beseni lile. Awadhi aliyatazama mabeseni, na moyo wake ukagonga kuliko gari.

"Shikamoo mzee," akasema Muhidini. "Mlio nimeusikia tangu uko barabarani. Giaboksi hiyo, meno yamelika. Tuishushe."

"Marahaba. Hakishuki kitu bila ushahidi," akajibu Awadhi, na sauti yake ikawa kama ya hakimu. "Nimesimama nikakanyaga mafuta: kimya. Nimeteremka kilima kwa nyutro, bila gia, injini nimeizima: inagonga. Kwa hiyo adui huyu anafuata magurudumu, hafuati injini."

"Kweli kabisa. Lakini shafti ya nyuma ya giaboksi nayo inafuata magurudumu. Adui bado yumo ndani ya boma langu."

Jibu hilo lilikuwa sahihi, na msimulizi hana budi kulitaja hivyo. Katika pambano la kwanza simba wa Mkata alianguka chali.

Akaomba jaribio la mwisho. Wakashika njia ya Mnyuzi watatu wao, na mvua ilikuwa imenyesha, na penye bonde palikuwa na dimbwi pana la tope. Subira ikaingia kwa kishindo, ikazimika katikati, maji yakifika kwenye sakafu. Hapo mashujaa hawakushuka kusukuma. Muhidini alitoa hotuba juu ya meno ya gia, aina zake na vifo vyake. Awadhi alitoa hotuba juu ya mabeseni. Saning'o alitoa hotuba juu ya gesi. Ng'ombe walipita kunywa, wakaondoka, na bado Muhidini alikuwa hajafika kwenye gia ya tatu.

Walipochoka kuhutubu walisukuma, injini ikawaka, wakaendelea. Na tazama, kukawa kimya.

"Imetoa," akasema Saning'o.

"Imetuogopa," akasema Muhidini.

Awadhi alizidi kuendesha, jua likawaka, barabara ikakauka, na taratibu mlio ukarudi, kwanza laini kama kofi la mtoto, kisha tak, tak, tak kama zamani. Ndipo akafunga breki.

"Meno ya chuma hayalainiki kwa maji," akasema. "Na giaboksi imefungwa, maji hayakuingia. Kinachogonga kiko nje, na ni kitu kinacholowa."

Akatandika gunia, akalala chali, akajipenyeza chini ya mnyama wake. Nyuma tu ya giaboksi, kwenye propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, alimwona adui: ukanda wa ngozi mbichi, umejizungusha ukakaza, na fundo lake limekauka likawa gumu kama kigogo, likipiga sakafu kila propela inapozunguka.

"Fundi, nipe kisu."

Muhidini, ambaye katika utawala wake wote alikuwa hajawahi kuombwa kisu, aliazima cha Saning'o. Ukanda ukakatwa, ukatolewa juani. Saning'o akautazama, akakaa chini.

"Ni wangu," akasema. "Gari lako halina pa kufungia dume, mbao za pembeni zimeoza. Niliupitisha kwenye tundu la sakafu. Kule mnadani nikakata kipande cha juu, nikamshusha, cha chini nikakisahau. Ulikuwa bado mbichi, haukuwa na sauti." Akaukung'uta ukanda tope. "Na nilimtuhumu shemeji Lenku kwamba ameuiba. Nimekunywa chai yake nimenuna."

"Utamwambiaje?" akauliza Awadhi.

"Nitamwambia ulikuwa na gesi."

Jumamosi Subira ilipanda Mpale, Yusra ndani amejifunika kando ya mama yake, godoro nyuma, ukanda umetundikwa kwenye kioo cha mbele kama ngozi ya chui aliyeuawa. Ilifika mlangoni kwa wakwe, ikasimama. Hakuna aliyetoka. Ndani walikuwa wameketi kimya, na shangazi yule amesogea dirishani, wakitegea mlio ili wajue msafara umekaribia.

Awadhi akazima gari. "Mbona hawatoki? Hawajatusikia?"

Hajira akakaza kilemba chake, akaegemea kiti kwa utulivu wa malkia aliyeteka mji.

"Hawajasikia kitu," akasema. "Waache kwanza. Tukae kidogo hapa."