Ufagio Ulioingia Sandukuni Njiti kwa Njiti

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kuambiwa mrudi kesho, msikie habari za Mama Fagio, mwenye vidole vigumu na shingo ngumu zaidi, aliyeivamia halmashauri saa tano na nusu asubuhi akiwa na silaha moja tu kwapani: ufagio wa njiti.

Halmashauri tukufu ilikuwa ikitafuta fagio za masoko. Miaka mitatu mfululizo ilikuwa imeagiza za plastiki kutoka ng'ambo, ambazo nyuzi zake hukatika wiki ya pili na kuziba mitaro, kisha wakuu, kwa hekima yao isiyo na kifani, huunda kamati ya kuchunguza mafuriko. Nao wanawake sita wa kikundi cha Mama Fagio hawakuwa na mteja mwingine mkubwa. Wakikosa zabuni hii, kikundi kinakufa.

Mbele ya sanduku la zabuni aliketi Afisa Ununuzi, simba wa kiti cha kuzunguka, bwana wa mihuri miwili. Alitamka kwamba kanuni inataka sampuli iwe ndani ya sanduku kabla ya saa sita. Tundu la sanduku lilitosha bahasha.

"Mwanangu, ufagio utapitaje hapo?"

"Hayo ni yako, mama. Wenzako wa plastiki wameleta picha."

"Na picha inafagia?"

Simba akageukia kompyuta yake.

Ndipo shujaa akaketi sakafuni, akakata kamba kwa meno, akaanza kutumbukiza njiti, tatu tatu, nne nne, kama jeshi lipitalo kwenye ufa wa ngome. Mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa amekatazwa kusaidia wananchi, alijisahau akawa anampokeza. Dakika mbili kabla ya saa sita ikaingia kamba.

Kamati ya zabuni ilipofungua sanduku, njiti zilimwagika hadi kwenye vikombe vya chai. Mama Fagio akaitwa ajieleze. Alizikusanya njiti, akaufunga ufagio upya kabla mwenyekiti hajapata miwani yake, akafagia chini ya meza yao, mahali ambapo hapakuwa pamefagiwa tangu uchaguzi.

Wakaagiza fagio kumi na mbili, za majaribio, kwa soko moja.

Andikeni, enyi wanahistoria: siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu iundwe, halmashauri ilinunua kitu kilichotengenezwa mtaa wa pili kutoka mlangoni pake.