Saa ya Kapteni wa Barafuni

Zahor wa Mombasa alijihesabu kuwa mjanja wa tatu katika Dubai nzima. Wawili waliomtangulia walikuwa jela. Mwingine angepata funzo hapo; yeye aliona amepandishwa cheo.

Aliposoma kwenye simu kwamba barafu ya Ncha ya Kusini imetapika vitu vya wasafiri waliopotea miaka mia iliyopita, aliona riziki. Akanunua miwani, glavu za sufu na kikombe cha bati kwa muuza mitumba wa mtaa wa Karama, akavichemsha kwenye chai ya rangi, akavilaza kwenye friza ya hoteli alikokuwa mhudumu, mtaa wa Al Rigga. Vikatoka vimechoka kama yeye mwenyewe.

Kutia uzito, akaongeza saa ya mfukoni ya marehemu baba yake. Hiyo haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ya kuonyeshwa tu, kisha irudi mfukoni.

Mteja alikuwa Bi Badriya wa Bur Dubai, Mzanzibari wa siku nyingi. Jirani akinunua kabati moja, yeye hununua mawili.

"Vya nani hivi, mwanangu?" akauliza sebuleni kwake.

"Vya Kapteni Eriksen, Bi Mkubwa. Alifia barafuni."

Zahor akasimulia jinsi Kapteni alivyolala hemani, saa mkononi, akimuuliza mwenzake mara tatu kama mwanawe amefika. Hapo machozi yakamtoka. Maneno hayo yalikuwa ya baba yake, hospitalini Mombasa, siku ambayo Zahor alikuwa huku Dubai akibeba sahani za watu.

Bi Badriya akafuta macho. "Vingine nanunua. Saa sinunui."

Zahor akashukuru kimoyomoyo.

"Saa ina mrithi. Huyo mtoto hakosi wajukuu. Itakaa kwangu amana mpaka wapatikane." Akaifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani.

"Nipe, Bi Mkubwa, nitawatafuta mwenyewe."

"Haki ya yatima nimpe muuzaji? Astaghfirullah!"

"Basi nakwambia kweli. Nimekudanganya. Hakuna Kapteni. Saa ni ya babangu."

Bi Badriya akamtazama kwa huruma. "Huna haya wewe! Umetamani saa ya watu mpaka unajitia uyatima? Ya Kapteni umeisema kwa machozi. Hii ya babako unaisema kama unaagiza chapati."

Zahor hakuwa amewahi kumwambia mteja ukweli; hakujua machozi huwekwa wapi.

Sasa kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Bi Badriya humwita awasimulie wageni. Ujira ni sahani ya biriani. Zahor huenda kwa sababu moja tu: akisimulia, huruhusiwa kuishika ile saa. Ndiyo maana siku hizi Kapteni hukata roho polepole sana.

"Maskini, mzee wa watu," wageni husema.

"Ahsanteni," Zahor hujibu, na wao hushangaa yanamhusu nini.

Kisha Bi Badriya hunyoosha mkono. "Khalas, mwanangu. Lete."