Paka wa Kijivu wa Harusi ya Kanlaya

Jumapili, 5 Januari
Paka wangu Nin amezaa! Wanne. Wote weusi tii, kama mama yao. Balaa! Nilimwahidi mpwa wangu Kanlaya paka wawili wa kijivu cha fedha, baraka ya ndoa. Baba yao ni dume la kijivu la jirani, Bi Bunruean. Nilimpenyeza Nin kwake kwa mlango wa nyuma, bila ruhusa. Nilidhani rangi zitachanganyika kama za ukutani. Wapi!

Jumatano, 8 Januari
Bi Bunruean kachungulia uani. Kacheka mpaka kashika nguzo. Akasema ningemwomba kwa adabu, angenipa wa kijivu bure. Nikamjibu kwamba hawa wangu watabadilika wakikua. Mdomo wangu huu!

Ijumaa, 14 Februari
Hawajabadilika. Ila nina mpango. Jivu la jikoni, nimelichekecha likawa laini kama poda. Nimejaribu kwa wawili. Wamependeza ajabu! Fedha tupu!

Jumapili, 16 Februari
Harusi. Nimewatoa kapuni mbele ya watu wote. Aibu gani! Walikuwa wamelambana njia nzima. Mmoja mweusi kabisa, mwenzake mabaka mabaka. Huyo akajikung'uta, wingu la jivu likamwangukia mama mkwe wa Kanlaya. Bi Bunruean akapaza sauti: "Mzee Thongdaeng, paka wako wanachuja!"

Nikatamani ardhi inimeze. Lakini Kanlaya, mwalimu wa biolojia, akawafuta kwa shali yake ya hariri.

"Mjomba, kila mtoto hupata jeni mbili za rangi hii, moja ya mama, moja ya baba. Ya weusi ina nguvu, huifunika ya kijivu. Kijivu huonekana tu zote mbili zikiwa za kijivu. Hawa wanayo moja, imejificha. Wakipata wenza wa kijivu, huenda wajukuu wa Nin wakatoka wa fedha."

Akasema hao hao ndio anaowataka. Akawakumbatia. Machozi yakanitoka. Nikasingizia jivu.

Jumanne, 18 Februari
Nimewaza sana. Kumbe rangi hujificha! Mkuu wa hekalu anatafuta paka mweusi wa kufukuza panya. Wawili wangu waliobaki siwatoi, nangoja wajukuu wa fedha. Nimemwahidi, tena kwa kiapo, mtoto atakayezaliwa na dume na jike wa kijivu wa Bi Bunruean. Weusi umo humo ndani, umejificha tu! Nimeshamnunulia paka huyo kengele ya shingoni.