Gari la Kunasua Mashemeji

Jumanne, 9 Desemba

Bernadetha ameondoka asubuhi kwenda Chekereni kumsaidia dada yake Violet kuvuna mpunga. Atarudi tarehe 23. Nyumba ni yangu! Ameniachia maagizo ya ng'ombe wake, Malkia, kana kwamba mimi ni mgeni bandani. Majani asubuhi, mgomba uliokatwakatwa mchana, maji safi, na nisimfokee kwa kuwa ana mimba kubwa. Mimi naumwa kiuno tangu Oktoba, hakuna anayeuliza.

Malkia alizaliwa na ng'ombe ambaye mama mkwe wangu alimpa binti yake Bernadetha tulipooana. Nakumbushwa jambo hilo kila chai ikimiminwa.

Nimepata muda wa kufikiri. Kila Desemba ndugu zetu wanapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi huku Uru, na magari yao ya tumbo la chini. Kila Desemba mvua inanyesha. Kila Desemba wananasa kwenye kona ya chini ya kanisa. Mwaka jana alinasa shemeji Valerian, kaka yake Bernadetha. Nilisukuma. Matairi yakanirushia tope hadi kwenye meno. Yeye akashusha kioo, akawashukuru vijana wote. Nina miaka hamsini na mbili!

Mwaka huu sisukumi. Mwaka huu navuta, tena kwa malipo. Kinachohitajika ni gari la kuvuta kwa matairi yote manne, pamoja na mnyororo. Mnyororo ninao.

Alhamisi, 11 Desemba

Jirani Godlove, anayemjua kila mtu mwenye kitu cha kuuza, amenipeleka mtaa wa Pasua, mjini, kwa dalali anayeitwa Martin. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Kuku alikuwa ametagia kwenye kiti cha nyuma. Refu, la kijani, mlango mmoja wa bluu. Nimelipenda. Moyo ulinienda mbio kama siku niliyokwenda kuposa, na siku hiyo nilikuwa na homa.

Nimelikagua kitaalamu. Nimepiga teke matairi yote. Nimepiga honi. Nikamuuliza Martin kama kweli linavuta mbele na nyuma. Hakujibu kwa maneno. Akanionyesha fimbo mbili za gia, ndefu na fupi. Hiyo fupi ndiyo ya kuamsha matairi ya mbele. Ushahidi gani tena?

Fedha sina. Martin akasema fedha si tatizo, yeye anatafuta ng'ombe wa maziwa mwenye mimba. Njiani nimetafakari kwa haki. Ng'ombe anakula hata siku asizofanya kazi. Gari linakunywa likifanya kazi tu. Nitavuta mashemeji wa watu, nitapata faida, nitamkomboa Malkia kabla ya tarehe 23. Bernadetha atakuta ng'ombe bandani na gari uani. Sioni kosa popote.

Ijumaa, 12 Desemba

Malkia amepakiwa kwenye pikapu. Alinitazama mpaka wakakata kona. Sikupenda alivyonitazama. Majirani wameuliza, nimewaambia anapelekwa kwa bwana mifugo kupimwa.

Gari nalo limefika. Haliwaki kwa ufunguo, linawaka likiteremka. Mtu wa Chekereni, kule tambarare, angelia. Sisi tunaishi mlimani! Nimeliegesha likitazama chini na kuliwekea jiwe mbele ya tairi, maana breki ya mkono haishiki.

Jumapili, 14 Desemba

Nimekwenda misa ya pili kwa gari. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni mwendo wa kumaliza fumbo moja la rozari, lakini heshima ni heshima. Nimeegesha mbele ya mlango mkuu. Watu wametazama. Hata Paroko ametazama, ingawa yeye alitaka nilitoe ili maharusi wapite.

Fundi Isack wa Njoro, aliyekuja kwenye ubatizo wa mjukuu wake, akaomba kuingia chini ya gari aangalie kidogo. Nimekataa. Nawajua mafundi. Wakiingia chini ya gari hawatoki bila habari mbaya.

Jumatano, 17 Desemba

Hakuna mvua! Jua tangu Jumapili. Barabara imekauka, vumbi tupu. Magari ya Dar yanapita konani pale kwa raha zao, madirisha wazi, muziki juu. Wananipungia mkono. Nimekaa kwenye gari na mnyororo mapajani siku nzima, nikanunua karanga mara tatu.

Banda liko kimya. Sikujua kama ng'ombe mmoja ana kelele nyingi hivyo mpaka alipoondoka. Nikila natazama upande wa pili.

Lazima tope lipatikane. Mfereji wetu wa maji unatoka msituni, unapita juu kidogo ya ile kona, kisha unashuka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Kila ukoo una siku yake ya maji. Hakuna aliyewahi kusema kwamba barabara nayo haiwezi kupewa siku.

Ijumaa, 19 Desemba

Alfajiri nimefungua mfereji kwa jembe. Dakika chache tu. Sawa, saa mbili. Tope limekolea kama mtori wa ndizi! Kweli, leo maji yalikuwa ya Mzee Elisifa, mwenyekiti wa mfereji, na ana miche mipya ya kahawa. Lakini mzee huyo ana miaka themanini na tatu, huamka taratibu.

Mteja wa kwanza alinasa saa nne. Bwana mmoja na wakwe zake wawili. Nimemfunga mnyororo, nimemvuta, ametoka! Nilimvuta kuelekea chini, kwa hiyo mteremko ulisaidia kidogo. Amelipa katoni ya juisi, akidai fedha zote zimeishia njiani. Hata hivyo, biashara imefunguliwa.

Nimepata habari kwamba shemeji Valerian anafika kesho. Kesho nitafungua mfereji mapema zaidi.

Jumamosi, 20 Desemba



Valerian amenasa saa tano kamili, kama nilivyoomba. Nikateremka na gari langu, honi juu, nikashuka na mnyororo begani. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi. Kioo cha abiria kikashuka. Bernadetha! Mpunga umekwisha mapema, kaka yake amempitia Chekereni.

Akaniuliza gari hili ni la nani. Nikamwambia ni letu. Akauliza Malkia yuko wapi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba maswali yote mawili yana jibu moja.

Nikaona heri nivute kwanza, maelezo baadaye. Nikafunga mnyororo, nikapanda garini, nikasukuma fimbo fupi, nikakanyaga mafuta. Matairi ya nyuma yakazunguka kwa nguvu, yakamwogesha Valerian aliyekuwa amesimama nyuma yangu kuelekeza. Ya mbele hayakusogea hata kidogo. Gari likateleza kiubavu, taratibu, likaenda kulala ndani ya mfereji na kuuziba wote. Maji yote yakahamia barabarani.

Ndipo akatokea Mzee Elisifa na watu wake kumi, majembe begani, wakifuatilia maji yao yaliyopotea. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku akilitazama jembe lake.

Fundi Isack, ambaye bado hakuwa amerudi Njoro, alikuwa miongoni mwao. Safari hii hakuomba ruhusa. Akaingia chini, akatoka na kutangaza mbele ya wote kwamba propela ya mbele, chuma kinachozungusha matairi ya mbele, ilishang'olewa zamani na ile fimbo fupi haijashikana na kitu chochote. Watu wakacheka. Bernadetha hakucheka. Alivua viatu, akapanda kwa miguu hadi kwa mama yake, na hakugeuka nyuma.

Jumatatu, 22 Desemba

Wazee wa mfereji wamekaa. Adhabu: pipa moja la mbege, pombe yetu ya ndizi, na nisafishe mfereji kwa jembe kuanzia msituni hadi kihamba cha mwisho. Nilijitetea kwamba nilikuwa nahudumia wasafiri. Wakaongeza pipa la pili.

Mchana nimekwenda Pasua kwa bodaboda kumwomba Martin turudishiane. Martin akasema gari alinipa limesimama, basi nilirudishe limesimama, si limelala mferejini. Tena Malkia amezaa jana! Ndama jike, mwekundu, ana nyota usoni. Martin anasema ndama ni wake kwa kuwa amezaliwa uani kwake. Malkia aliponiona aligeuza kichwa. Nimelia kidogo nyuma ya choo cha Martin. Naogopa kwamba safari hii Bernadetha hatarudi, na nyumba bila Bernadetha ni banda lingine tupu.

Jumatano, 24 Desemba

Wamerudi wote! Bernadetha, Malkia na ndama.

Si mimi niliyefanya lolote. Mama yake Martin ni mtu wa Uru, anaimba kwaya moja na mama mkwe. Jana kina mama hao wawili walipanda gari la Valerian hadi Pasua. Mama yake Martin akamuuliza mwanawe, mbele ya wapangaji wake, tangu lini ng'ombe aliyetoka kwa mama kwenda kwa binti akapokewa kutoka mkononi mwa mume. Martin ni dalali kwa kila mtu isipokuwa kwa mama yake. Leo asubuhi ameleta ng'ombe na ndama mwenyewe. Vijana wakalinyanyua gari kutoka mferejini, akaondoka nalo likiwa limefungwa kwa mnyororo wangu. Mnyororo hajaurudisha.

Bernadetha alimfunga Malkia, akampa majani, kisha akanigeukia.

"Remigius, ukimgusa tena ng'ombe huyu, wewe utalala bandani na yeye atalala kitandani."

Nikasema ndiyo. Nilifurahi mno kusikia neno kitandani, maana yake anabaki. Nimemuapia kwa Bikira Maria kwamba Malkia sitamgusa tena maishani.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimeanza kusafisha mfereji. Mgongo umekwisha. Watu wanapita juu ya daraja na sahani za ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, wakinitakia heri ya Krismasi.

Godlove amekuja kunitazama. Amekaa kwenye jiwe, akaniuliza kwa nini nateseka hivi kama mfungwa. Kuna bwana mmoja Njoro ana katapila dogo la kuchimbia, limepata kutu kidogo tu. Mlima mzima huu una mifereji! Kila mfereji una wazee, kila mzee ana mtu wa kuadhibu, na kila aliyeadhibiwa angenikodi. Naona ajabu hakuna aliyewahi kufikiria hili.

Huyo bwana hataki fedha. Anatafuta ndama jike, mwekundu ikiwezekana.

Malkia nimeapa sitamgusa, na kiapo nitakishika. Ndama hakutajwa popote kwenye kile kiapo.

Jioni nimemchemshia Bernadetha maji ya kuoga, nikayapeleka mwenyewe hadi bafuni, nikamuuliza kwa upole kama hajaanza kumkumbuka dada yake kule Chekereni.