Mwendo wa Mzee Kipkurui kwa Mapigo Saba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimejiponza. Janeffer, mwalimu wa kwaya yetu hapa Kiptere, alikuja kituoni ninapopima majani chai. Amemtungia marehemu baba yake, Mzee Kipkurui, wimbo wa kumbukumbu ya mwaka mmoja, Jumamosi hii. Anatafuta mpiga gitaa. Wimbo unakwenda kwa mapigo matano, kwenye kiitikio yanakuwa saba, kisha yanarudi matano. Masese, fundi cherehani ambaye pia hupiga gitaa, alikuwa kando yangu, anafungua mdomo akubali. Nikamtangulia! Nikasema saba ndiyo kazi yangu. Uongo mtupu. Maisha yangu yote nimepiga nne, na hata hizo kwa neema. Lakini Janeffer alitabasamu. Ningefanya nini?

Jumanne, 5 Agosti
Nahesabu saba mchana kutwa. Mama Nyanchoka alileta kilo ishirini na tatu za majani. Nikamwandikia saba. Atuti, kumi na tano. Saba. Waliporudi na karatasi zao nikalaumu mzani, nikasahihisha. Gitaa nalo: tano naipata. Kwenye saba mkono unaongeza pigo la nane wenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango! Nilimwendea Janeffer jikoni kwao, nikamshauri kitaalamu wimbo wote tuufanye nne, watu waweze kupiga makofi. Akaacha kumenya viazi. Kisha akasema, "Kipyegon, unataka nimkate baba mguu?"
Ndipo akanieleza. Mapigo yale ni mwendo wa mzee baada ya kiharusi. Kwenye tambarare, tano. Akianza kupanda kuja nyumbani, saba: fimbo, mguu mzima, mguu mgonjwa ukiburutwa mapigo matatu, halafu pumzi ya mapigo mawili. Alimsikia hivyo kila jioni, akiwa jikoni humo humo. Nilimsaidia kumenya viazi, nikaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilichukua fimbo, nikachechemea kwenye barabara ya murram katikati ya mashamba ya chai, nikihesabu kwa sauti. Mama Nyanchoka akanionea huruma, akaniletea dawa ya kuchua. Kisha Masese akatokea. Nikangoja kuchekwa. Akasema tu nakosea, fimbo ya mzee ilitangulia mguu kila mara. Anajua, ndiye aliyekuwa akimsindikiza mzee kliniki. Tukachechemea wawili mpaka mvua ikatufukuza. Bado simpendi. Ila mwendo anaujua.

Jumamosi, 9 Agosti
Tano, sawa. Kiitikio cha kwanza, salama! Cha pili, nikapotea. Mkono ukasimama mbele ya watu wote. Janeffer akaendelea kuimba peke yake. Hakunikasirikia, na hiyo ndiyo iliniuma.
Kisha nikamwona mama yake, Rodah, kiti cha mbele. Amefumba macho. Mguu wake unagonga nyasi. Saba! Miaka minne alitembea kando ya mzee akimshika kiwiko. Nikaufuata mguu ule mpaka mwisho wa wimbo.
Baadaye Rodah alinishika mkono. "Nimemsikia akipanda," akasema. Nikaenda nyuma ya hema. Masese akanikuta huko. Nikamwambia ni moshi wa sufuria. Akasema hata yeye umemwingia machoni.

Jumapili, 10 Agosti
Janeffer alinisubiri nje ya kanisa. Alinishukuru, kisha akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba saba siiwezi. Ningesema ukweli, angenifundisha mwenyewe, kila jioni. Kila jioni! Nikaapa pale pale kwamba sitadanganya tena.
Akasema binamu yake anaoa Londiani mwezi ujao, na wamekosa mtu wa kinanda. Masese, aliyesimama nyuma yetu, akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kujibu.
Nikasema nimepiga kinanda tangu utotoni.
Nimewahi kukiona mara mbili. Vitufe ni vyeupe na vyeusi tu. Kitanishindia wapi?